Mbuzi wa Ntheo Niliowaondoa kwenye Video

Vijana, mimi nilistaafu nikiwa na miaka thelathini na sita. Najua mtacheka. Kustaafu ni kwa walimu na machifu, watu wa kufanyiwa sherehe na kupewa blanketi. Lakini kazi ikikukimbia kabla hujazeeka, nawe ukakubali kwamba hairudi, huko nako ni kustaafu, hata kama hakuna aliyekuletea blanketi.

Kwa miaka kumi na mitano nilipiga na kuediti video za sherehe na nyimbo za injili hapa Mutomo. Nilikwenda Ikutha, nilikwenda Tulia, nilivuka Mto Athi hadi upande wa Makueni. Siku hizi nashona sare za shule. Mshono ukipinda kidogo, hata chini ya kola ambapo hakuna mtu atakayeutazama, naufumua. Ndivyo nilivyo. Ndivyo nilivyokuwa kwenye video pia, na kosa ninalotaka kuwaeleza lilitoka hapo hapo.

Nawaandikia ninyi mnaopiga video kwa simu. Ninawaona kutoka kwenye cherehani yangu, pale mbele ya duka la mitungi ya gesi, mkirudia densi moja mara kumi na nne. Nimehesabu. Ile ya tatu ilikuwa nzuri kuliko ya mwisho, lakini hamkuniuliza. Ninawaona pia mmeanza kuvaa tena zile suruali pana na fulana zinazofika magotini, mkisema miaka ile ilikuwa mizuri, watu walikuwa na staili. Mimi nilikuwa mmoja wa watu walioitengeneza hiyo staili huku kwetu. Acheni niwaambie ilivyotengenezwa.

Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilibonyeza kila kitufe, nikaandika kwenye daftari kila kilichotokea, na kilichoharibika nikaandika kwa kalamu nyekundu. Daftari la kwanza lilikuwa jekundu karibu lote. Kamera nilifundishwa na Mzee Kimeu, aliyekuwa na studio ya picha Ikutha. Ukutani alikuwa na turubai lililochorwa mji wa maghorofa marefu, na mtu alitoka boma lake na mbuzi wake wa kuuza, akapigwa picha mbele ya maghorofa, kisha akarudi na mbuzi wake asipopata mnunuzi. Kimeu aliponunua kamera ya video alihitaji mtu mwenye subira. Akanipata mimi, ambaye sina subira hata kidogo. Nina woga. Woga ukikaa kimya sana watu huudhani subira.

Mafunzo yake yalikuwa machache. Usiguse lenzi kwa kidole. Betri moja isitoke nyumbani bila mwenzake. Anza kurekodi kabla ya jambo kuanza, na usizime mara linapokwisha. Na lile lililoniudhi kuliko yote: usirekodi mpaka mwisho wa tepu ya zamani. Ukitumia tepu kwa mara ya pili, ile sehemu ya mwisho usiiguse, kwa sababu huko ndiko inakokwama na kukatika.

"Tepu ni kama sufuria ya ugali," alisema. "Ukikwangua chini, utakula sufuria."

Niliona ni kupoteza vipande vizuri vya tepu. Lakini nilikuwa mwoga wa kukosea, kwa hiyo nilitii.

Sasa staili. Mjue kwamba tivii za hapa Mutomo nyingi zilitumia betri ya gari, na kupitia betri hiyo tuliingia kila jioni katika nyumba za ng'ambo zenye ngazi ndani na wanawake wanaolia bila rangi ya macho kuharibika. Tuliona wanamuziki wa Nairobi wakicheza kando ya magari ambayo sasa najua waliyaazima. Kwenye vichekesho, mtu aliyeongea kama baba yangu alikuwa mlinzi wa geti au mpishi, na aliitwa tu ili achekwe. Sisi Wakamba ndio tuliocheka kwa sauti kuliko wote. Mimi nilipotakiwa kuweka sauti yangu mwanzoni mwa video, kukaribisha watazamaji, nilirekodi sentensi moja mara hamsini mpaka Ukamba ukatoka ndani yake. Nilibaki na sauti ya mtu asiyetoka mahali popote. Wateja waliisifu.

Na kila mtu alitaka maji. Hili silisahau. Nchi yetu hii ya vumbi jekundu na migunga, na kila kwaya iliyonijia ilitaka kuonekana imesimama kwenye nyasi za kijani, nyuma yake maji. Kompyuta ilikuja na picha za maji tayari. Kulikuwa na maporomoko, kulikuwa na ziwa, kulikuwa na fauntani, ile chemchemi ya kujengwa inayorusha maji juu katika bustani za hoteli. Ulichohitaji ni kumpiga mtu mbele ya shuka la kijani, kisha kompyuta inaondoa kijani chote na kuweka maji mahali pake. Nilichosahau mara ya kwanza ni kwamba mama mmoja katika kwaya alikuwa amefunga kitambaa cha kijani. Kompyuta haikumbagua. Maporomoko yakampitia kichwani nyimbo nne.

Nililia kwa aibu nilipoona. Kimeu alicheka mpaka akaketi chini.

"Kwani unalia nini, msichana? Huyo amebatizwa kuliko wenzake."

Nilirudia kazi yote upya, na tangu siku hiyo niliwakagua watu nguo kama polisi.

Hayo ni ya kuchekesha. Hili linalofuata si la kuchekesha, ingawa lina mbuzi.

Kwa asiyejua, huku Ukambani ntheo ni wale mbuzi ambao upande wa mwanamume huwapeleka kwa wazazi wa msichana. Mmoja huchinjwa, watu wa pande mbili wakamla pamoja, na kuanzia hapo msichana ni mke. Mengine ya mahari yaweza kungoja miaka. Ntheo haingoji. Bila ntheo, hata mkiwa na watoto saba, wazee watakwambia mlikuwa mnatembeleana.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili hivi Muthama aliponiita. Alikuwa fundi wa magari hapa Mutomo, kijana mtanashati, na alikuwa anapeleka ntheo kwa kina Kalekye, ng'ambo ya Athi, upande wa Kibwezi. Hawakuwa na mpango wa harusi ya kanisani mwaka ule. Ntheo ndiyo ilikuwa siku yao.

"Mwende, nataka itoke kama ya tivii," aliniambia. "Isionekane kama baraza la chifu."

Tulifika kwa kina Kalekye mchana. Mbuzi waliletwa na Mutinda, mdogo wake Muthama, na huyo ndiye aliyekuwa staili yenyewe: shati linalong'aa, mikufu miwili, kofia imegeuzwa nyuma. Aliponiona naelekeza kamera akaanza kunikonyeza niache.

"We Mwende, ukinionyesha na mbuzi nitakupeleka kortini. Nipige nikiwa kando ya gari."

Sikuhitaji kutishwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawachukia wale mbuzi. Walileta vumbi, walipita mbele ya bibi harusi, na dume moja lilifanya ambayo madume hufanya. Kila nilipotazama kwenye lenzi niliona aibu.

Nilikaa siku tisa nikiediti. Nilitoa mbuzi. Nilitoa wazee waliokaa kwenye viti vya kamba wakisema maneno yao, kwa sababu mmoja alikuwa na koti lililochanika. Nilitoa nyama kwenye majani. Nilibaki na Muthama na Kalekye wakitembea polepole, keki, gari la kuazima, Mutinda kando ya gari. Nyuma ya maharusi niliweka fauntani. Nilirekebisha kingo za maji mpaka hakuna jicho lingejua kwamba nyuma yao palikuwa na zizi.

Ile dividii ilitazamwa kwenye vinyozi viwili vya Mutomo mwezi mzima. Watu walianza kuniita Mwende wa Fauntani. Naungama kwamba nililipenda hilo jina. Nililiandika kwenye kadi zangu.

Basi mwaka jana, nikiwa kwenye cherehani, Kalekye akaja. Nywele zake zilikuwa na mvi mbele. Muthama alikuwa amefariki miaka minne nyuma, hilo nilijua, nilikwenda mazishini. Aliketi kwenye benchi la wateja, akatoa dividii yangu kwenye mfuko. Kasha lilikuwa bado na picha ya fauntani.

"Mwende," akasema, "wale mbuzi wangu uliwapeleka wapi?"

Akanieleza. Binti yake mkubwa, Mumbua, alikuwa amepata mchumba, na watu wa mchumba walitaka kuleta ntheo. Wazee wa ukoo wa Muthama wakakutana kupanga nani atawapokea. Hapo Mutinda, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma, akasema neno: yeye hakumbuki ntheo ya Kalekye. Anakumbuka sherehe, anakumbuka keki. Mbuzi hakumbuki.

Mnaelewa uzito wake? Kama mama hakutolewa ntheo, watoto ni wa kwa mama. Mbuzi wa Mumbua wangevuka Athi kwenda kwa wajomba. Na Kalekye, aliyeishi katika boma lile miaka ishirini na zaidi, aliyemzika mume wake pale, angekuwa mgeni pale pamoja na vijana wake wawili. Mgeni huondoka.

"Nani mwingine alikuwepo?" nikamuuliza.

"Baba yangu alishakufa. Yule mzee aliyeongoza alishakufa. Ndugu zangu wakisema, wanaambiwa ni upande wangu. Mama mkwe wangu amesema aliwaona mbuzi kwa macho yake. Mutinda amesema mama anasahau hata jina la mchungaji."

"Ukawaonyesha dividii?"

"Niliwaonyesha." Akaigeuza dividii mkononi. "Mzee Nzioki aliitazama mpaka mwisho, halafu akaniuliza, 'Hii ni bathdei ya nani?'"

Mzee Nzioki ndiye mwenyekiti wa ukoo, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa maneno machache na yote makali. Akamuuliza tena Kalekye yale maji yalikuwa wapi. Na Kalekye, mbele ya wazee, akajibu kwamba yalikuwa kwao, nyumbani kwa baba yake.

"Mama," Mzee Nzioki akamwambia, "nimenunua ng'ombe Kibwezi maisha yangu yote. Kwenye hiyo fauntani ningekuwa nimeshawanywesha."

Wazee walicheka. Baada ya kicheko hicho, hakuna neno la Kalekye lililokuwa na uzito.

"Lakini Kalekye," nikasema, "hakukuwa na fauntani."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Hakukuwa?"

"Niliiweka mimi. Lilikuwa zizi."

"Mimi naikumbuka," akasema. "Naikumbuka mpaka baridi yake."

Vijana, hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyoifanya miaka kumi na mitano. Ile siku yenyewe waliiishi mara moja. Video waliitazama mara mia. Kalekye aliota maji yangu. Na Mutinda, siku hizi naamini, hakuwa anadanganya kabisa. Nilimpa kumbukumbu isiyo na mbuzi kwa sababu aliniomba isiyo na mbuzi, naye akaitazama kwa kinyozi mwezi mzima.

Wazee walikuwa wamempa Kalekye wiki tatu alete ushahidi. Nilifunga cherehani siku hiyo hiyo.

Nilijua kwamba tepu ya ntheo niliitumia tena. Sote tulifanya hivyo, tepu zilikuwa adimu. Nilijua hata niliitumia kwa kazi gani: kwaya ya akina mama. Nilichokuwa sijui ni kama ipo. Nikaenda Ikutha.

Mzee Kimeu sasa anafuga nyuki na hasikii kwa sikio la kushoto. Nilimweleza mara mbili, ya pili kwa sikio la kulia.

"Tepu zipo," akasema. "Ziko kwenye ndoo za rangi, nimeweka na majivu, mchwa wasiingie."

"Mungu akubariki, Mzee. Uliona mbele."

"Sikuona mbele. Zilikuwa plastiki nzuri, nikaona nitazifanyia kitu."

Ndoo zilikuwa tisa. Tulizimwaga kwenye turubai, lile lile la maghorofa, limepauka. Kila tepu ilikuwa na maandishi yangu. Hapa tabia yangu mbaya ilinisaidia mara moja maishani: watu wengine hufuta jina la zamani kwa kulichafua kwa wino. Mimi nilifuta kwa rula, mstari mmoja mwembamba ulionyooka. Chini ya "Kwaya ya Akina Mama" lilisomeka bila shida: "Muthama, tepu ya kwanza."

Sikuruka kwa furaha. Nilikaa chini nikaitazama mkononi. Nilikumbuka kwamba kwaya iliimba dakika arobaini na kitu. Tepu ilikuwa ya saa nzima. Kimeu alikuwa amenikataza nisirekodi mpaka mwisho, nami nilikuwa nimetii.

Kamera ilikuwepo, lakini haikuwa imewashwa kwa miaka mingi. Sikilizeni, kwa sababu siku moja mtapata tepu ya nyanyenu kwenye sanduku. Usiitie kwenye kamera na kubonyeza play. Tepu iliyolala muda mrefu hugandana, na ukiilazimisha itararuka. Kwanza nilisafisha kichwa cha kamera kwa spiriti na karatasi laini, nikiishika karatasi tu na kukizungusha kichwa chenyewe, bila kusugua juu na chini. Nilijaribu kwa tepu isiyo na maana, mahubiri ya mtu fulani, anisamehe. Picha ilikuja na mistari. Nikasafisha tena. Siku ya tatu mistari ikaisha. Ndipo nikaitia tepu ya Muthama, nikaipeleka mbele mpaka mwisho bila kuicheza, nikairudisha nyuma mpaka mwanzo, mara mbili, ilegee. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viwiko.

Akina mama waliimba. Nyimbo sita, maporomoko bado hayajawekwa, shuka la kijani tu nyuma yao na mikunjo yake. Wimbo wa mwisho ukaisha, kiongozi akauliza, "Imetosha?" Skrini ikawa nyeusi. Kisha ikawa nyekundu, vumbi tupu, na ndani ya vumbi akatokea mbuzi.

Kimeu aliinama mpaka pua yake ikakaribia skrini. "Huyo ni dume," akasema.

Dakika kumi na moja. Yote yalikuwemo: mbuzi wakiingia, wazee kwenye viti, mzee mwenye koti lililochanika akimuuliza Kalekye, mbele ya watu wote, kama wale mbuzi wapokewe, na Kalekye akisema wapokewe. Lakini ilikuwemo pia sauti yangu. Si ile sauti isiyotoka popote. Sauti yangu ya Mutomo, nyembamba, yenye hasira: "Jamani, toeni hawa mbuzi, wananiharibia."

Nilisimamisha. Kidole changu kilijua la kufanya kabla yangu: sekunde nne tu, hakuna atakayejua. Nilikuwa na kompyuta kwenye mfuko.

Nikafikiri juu ya Mutinda. Angesema nini akiona video mpya? Angesema huyu ndiye Mwende wa Fauntani. Aliyeweza kuweka maji Kibwezi atashindwa kuweka mbuzi? Na angekuwa na haki. Kwa jina langu nilikuwa nimeharibu kila ushahidi ambao ningeweza kuuleta. Kulikuwa na njia moja: nisiguse kitu. Nisihamishe kwenye kompyuta, nisikate hata pumzi. Nipeleke kamera yenyewe na tepu yenyewe, niichomeke kwenye tivii mbele yao, nianze mwanzo.

"Wazee watasikiliza kwaya dakika arobaini?" Kimeu akauliza.

"Watasikiliza."

"Basi nitakuja," akasema. "Hilo sitaki kusimuliwa."

Tulikutana nyumbani kwa marehemu Muthama, Jumamosi asubuhi. Wazee sita, Mutinda, Kalekye, mama mkwe wake amekalia kigoda karibu na mlango, na Mumbua amesimama nyuma ya mama yake. Mutinda siku hizi ana tumbo na sauti ya kuheshimiwa, na bado huvaa kofia, ila sasa anaitazamisha mbele. Nilipotoa kamera alitabasamu.

"Mwende wa Fauntani. Leo umetuletea bahari?"

"Nimeleta tepu," nikasema. "Sijaigusa. Mzee Nzioki, hii hapa, ishike uone jina lilivyofutwa."

Mzee Nzioki aliigeuza-geuza, akampa Kimeu, si mimi. Nilistahili. Kimeu akaitia.

Kwaya ikaanza. Wimbo wa kwanza wazee walisikiliza kwa adabu. Wa pili mmoja akaanza kuimba pamoja nao. Wa tatu Mutinda akauliza, "Tumeitwa kwa ibada?"

"Ikatwe hiyo, twende mbele," akasema mzee mwingine.

"Haikatwi," nikasema. Nikaweka mkono juu ya kamera. "Mzee, nisamehe. Nilishakata sana. Leo tutaitazama kama ilivyo."

Mzee Nzioki aliinua mkono na hakuna aliyeuliza tena. Nyimbo sita. Nilihesabu mikunjo ya lile shuka la kijani. "Imetosha?" akauliza kiongozi wa kwaya, na mzee mmoja akajibu, "Imetosha sana."

Weusi. Kisha vumbi.

Mbuzi waliingia, watatu, kamba zao zimeshikwa na kijana mwenye shati la kung'aa na mikufu miwili. Sauti yangu ikasikika: toeni hawa mbuzi, wananiharibia. Mumbua alinigeukia. Sikutazama chini. Kijana wa kwenye skrini akatoa onyo lake la kortini, wazee wawili wakacheka kwa pua. Lile dume likavuta, kijana akaanguka kwa magoti, mikufu ikamgonga kidevuni.

Ndipo Muthama akaingia kwenye picha. Alikuwa kijana, amevaa suti, anatabasamu kwa haya. Hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa ameisikia sauti yake kwa miaka minne. Kwenye dividii nilikuwa nimeweka muziki juu ya kila neno alilosema.

"Mutinda," alisema, "inuka, mlete huyo dume. Na uvue kofia, uko mbele ya wazee."

Kwenye skrini kijana alivua kofia. Na kwenye kiti, bila kutazama mtu, Mutinda mwenye tumbo na heshima zake aliinua mkono akaivua yake, akaiweka gotini.

Tulitazama mpaka tepu ilipojizima yenyewe. Mama mkwe wa Kalekye ndiye aliyeanza kusema, kutoka kwenye kigoda.

"Niliwaambia yule mbuzi alikuwa mnono."

"Rudisha kidogo," Mutinda akasema.

Kimeu alinitazama. Tepu ya zamani hairudishwi ovyo. Nilitikisa kichwa kukubali, akairudisha. Muthama akasema tena, inuka, mlete huyo dume. Mutinda alifuta uso kwa ile kofia.

"Lilinivuta tangu kwenye gari," akasema. "Goti hili lilichubuka. Shemeji Kalekye ndiye aliyenipa maji ya kuosha." Akamgeukia. "Ulinipa kwa kikombe cha bluu."

"Cha bluu," Kalekye akasema.

Mzee Nzioki alisimama, akachukua fimbo yake. "Watu wa Mumbua waambiwe waje," akasema. "Watapokelewa hapa." Alipofika mlangoni akanigeukia. "Na wewe. Hiyo kwaya haikuwa mbaya."

Sasa mtaniuliza ninyi mfanye nini, na simu zenu zina maji mengi kuliko kompyuta yangu ilivyowahi kuwa nayo. Sijui kila kitu. Najua hili tu: yule mtu anayewaambia mtoe vumbi ni mteja, na mteja ni mtu wa leo. Mwekeeni maji nyuma yake akitaka. Lakini ile isiyoguswa iwekeni mahali, kwenye ndoo, kwenye majivu, popote panapofaa kwa simu, na muandike jina juu yake kwa mkono unaosomeka. Na sauti za watu msizizibe zote kwa muziki.

Ntheo ya Mumbua ililetwa mwezi wa nane. Kalekye aliniomba nipige video, mara hii moja. Nilisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikabonyeza, nikarudi nyuma nikafunga mikono yangu kwapani ili isiende kurekebisha kitu. Mumbua alikuja mbio, kavaa vizuri, simu mkononi.

"Aunti, mbuzi ameingia mbele ya kamera."

"Namwona," nikasema.